Ndovu wa serikali, ndengu za nani? (Uzi)

1/ Kila kampeni Ukambani lazima usikie: "Mtalipwa fidia ya ndovu!" Watu wanapiga makofi. Lakini sheria yenyewe inasemaje? Twende pole pole.

2/ Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hivyo mnyama analindwa na serikali, lakini ndengu anazokula ni zako. Ugomvi wote unaanzia hapo.

3/ Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka viwango. Kifo: shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu: milioni 3. Majeraha mengine: hadi milioni 2. Mimea na mifugo: bei ya soko.

4/ Kuna sharti ambalo halitajwi jukwaani: kama hukuchukua hatua za kutosha kulinda mali yako, hulipwi. Sasa mama wa Ikutha, huko karibu na Tsavo Mashariki, atazuia ndovu na nini? Ua wa miiba?

5/ Kule Sagalla, Taita Taveta, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na mara nyingi anageuka. Asali nayo inauzwa. Na nyuki si wageni Ukambani.

6/ Basi mgombea akija Kabati, usimuulize "ni pesa ngapi?" Hiyo iko kwenye sheria. Muulize: zitalipwa lini, kutoka bajeti gani, na nani atagharamia uzio kabla ndengu hazijaliwa?