Saa Ambayo Malkia Hakuiona

Wapo watu duniani wanaoota saa. Huisoma vitabuni, huitazama pichani, huweka akiba miaka nenda miaka rudi, na siku ya mnada ikifika huketi ukumbini mioyo ikiwadunda. Mwaka 2014, mjini Geneva, Uswisi, saa ya mfukoni ambayo kampuni ya Patek Philippe ilimtengenezea tajiri wa New York, Henry Graves, ilinunuliwa kwa zaidi ya faranga milioni 23 za Uswisi. Miaka mitatu baadaye saa ya mkononi aliyokuwa akiivaa mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Najua mtakaloniuliza, wanangu. Saa si kazi yake kuonyesha wakati tu? Simu ya bei ya chini kabisa huonyesha wakati kwa usahihi kuliko hizo zote.

Basi nitawasimulia habari za saa moja tu, ile ambayo wakusanyaji huiota kuliko nyingine, na ambayo haiuzwi. Wanaiita Marie Antoinette. Kwenye daftari la fundi wake imeandikwa namba 160.

Fundi huyo ni Abraham-Louis Breguet. Alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1747, akaenda Ufaransa angali kijana, na mwaka 1775 akafungua karakana yake Paris, kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto Seine. Kazi yake ilisifiwa mpaka ikulu, na malkia wa Ufaransa, Marie Antoinette, akawa mmoja wa wateja wake. Mwaka 1783 ofisa mmoja wa walinzi wa malkia alifika kuagiza saa kwa ajili ya malkia. Agizo lenyewe lilikuwa hivi: saa iwe na kila ufundi unaojulikana, mahali popote panapowezekana dhahabu itumike badala ya madini mengine, gharama isiwe na kikomo, na muda wa kuitengeneza usiwe na mwisho.

Hebu fikirini fundi anapoambiwa maneno hayo. Mafundi wengi kazi yao hubanwa na pesa au na mteja mwenye haraka. Breguet alifunguliwa mlango wote.

Sasa tuingie ndani ya saa yenyewe, maana utamu uko humo. Saa za zamani zilikuwa lazima zitiwe ufunguo kila siku, ili kamani, yaani ule utepe wa chuma uliojikunja, ipate nguvu ya kusukuma magurudumu. Hii namba 160 ina kipande kizito cha platini kinachochezacheza mwenye saa anapotembea, na kule kucheza ndiko kunakoijaza kamani. Ukitembea nayo, inajijaza yenyewe.

Halafu inasema. Kumbukeni kwamba siku hizo hapakuwa na umeme. Mtu akiamka usiku wa manane na kutaka kujua wakati, ilimbidi ahangaike kuwasha mshumaa. Breguet aliweka ndani ya saa nyundo ndogo na nyaya za chuma za kugongwa. Ukiiamuru, inagonga idadi ya saa, kisha robo zilizopita, kisha dakika zilizobaki. Ikiwa mshale mfupi umeipita 3 na dakika ni 20, utasikia milio mitatu ya saa, mlio wa robo moja, kisha milio mitano ya dakika. Nani amehesabu? Ni vyuma vidogo vilivyochongwa ngazi ngazi, na kila ngazi imepimwa iruhusu nyundo ianguke mara kadhaa na isizidi. Hakuna betri, hakuna kompyuta. Kuna meno ya gurudumu na mkono wa mtu aliyeyachonga kwa tupa.

Ina kalenda inayojua mwezi upi una siku 30 na upi una 31, na inayojua kwamba Februari hupata siku ya ziada katika mwaka mrefu. Ina kipimajoto. Ina kinga ya kuilinda ikianguka. Kuhusu kinga hiyo, ambayo ni uvumbuzi wa Breguet mwenyewe, husimuliwa kwamba aliwahi kuitupa saa sakafuni mbele ya wageni, akaiokota ikiwa bado inatembea.

Lakini kinachonisisimua mimi kuliko vyote ni mshale mmoja unaoonyesha tofauti kati ya saa na jua. Ndiyo, jua na saa havikubaliani! Dunia hulizunguka jua kwa njia ambayo si duara kamili, tena dunia yenyewe imeinama, kwa hiyo muda kutoka adhuhuri moja hadi nyingine haulingani mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba jua huitangulia saa kwa kama dakika 16. Katikati ya Februari hubaki nyuma kwa kama dakika 14. Ninyi mnaoishi karibu na Ikweta mnaweza kuliona jambo hili wenyewe. Nairobi mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, lakini jua la mwanzoni mwa Novemba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na la katikati ya Februari huchelewa mpaka karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Simikeni kijiti uani, mtie alama penye ncha ya kivuli chake mchana wa saa sita kamili, mara moja kila juma, kwa mwaka mzima. Alama zenu zitachora umbo la 8. Breguet aliliweka jambo hilo la mbinguni ndani ya kitu kinachoingia mfukoni.

Kwa jumla saa ile ina vipande 823, na uso wake mmoja ni wa bilauri, ili mtu aone magurudumu yakifanya kazi. Hapo ndipo ilipo ndoto ya wakusanyaji. Ukiitazama unaona kila kitu ambacho mafundi wa zama zile waliweza kukijua kuhusu wakati, kimekusanywa kwa mkono mahali pamoja. Dhahabu ni nyingi duniani, kazi ya namna hiyo ni adimu.

Kazi ikaendelea, na Ufaransa ikachafuka. Mapinduzi yalianza mwaka 1789. Tarehe 16 Oktoba 1793 Marie Antoinette alikatwa kichwa kwa gilotini mjini Paris, saa yake bado haijakwisha. Mwaka huohuo Breguet, ambaye wateja wake wengi walikuwa watu wa ikulu, alikimbilia Uswisi. Alirudi mwaka 1795 akaanza upya. Aliyekusudiwa alikuwa kaburini, lakini agizo halikufutwa. Naye Breguet akafariki mwaka 1823, saa haijakamilika. Karakana aliyomwachia mwanawe, Antoine-Louis, ndiyo iliyoimaliza mwaka 1827, miaka 44 tangu siku ya agizo.

Tangu hapo saa ilipita mikono kadhaa, sitawachosha nayo yote. Mwaka 1917 ilinunuliwa na Mwingereza David Lionel Salomons, mtu aliyependa umeme, magari na mitambo, na aliyekusanya saa za Breguet zaidi ya mia moja. Huyu namheshimu. Alizichunguza, akaandika kitabu kuhusu fundi wao ili na wengine wajifunze. Binti yake, Vera, alianzisha mjini Jerusalem jumba la makumbusho la sanaa ya Kiislamu lenye jina la profesa Leo Arie Mayer, na saa za baba yake zikawekwa humo watu wote wazione.

Usiku mmoja wa Aprili 1983 mwizi aliingia kwa dirisha jembamba. Kengele ya tahadhari ilikuwa mbovu. Alfajiri ilipofika, saa na vifaa 106 vilikuwa vimetoweka, na namba 160 ilikuwa miongoni mwavyo. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyejua ziliko. Saa mashuhuri kama ile haiwezi kuuzwa, maana kila mnunuzi anaitambua. Mwizi alikuwa na saa inayotamaniwa kuliko zote, akaificha, asiweze kumwonyesha mtu. Kwangu mimi huko si kumiliki, ni kukifunga gerezani kitu kizuri.

Wakati haijulikani iliko, Nicolas Hayek, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya Breguet, aliwaamuru mafundi wake waitengeneze upya. Hawakuwa na saa ya kutazama. Walikuwa na michoro, maandishi ya zamani na picha. Mwaloni ambao malkia alipenda kupumzika chini yake kwenye ikulu ya Versailles ulikuwa umekufa, na mbao zake zikachongwa sanduku la saa mpya. Ilionyeshwa mwaka 2008, ikapewa namba 1160.

Ile ya kwanza nayo ilikuwa imeshaonekana. Mwizi alifariki mwaka 2004, na miaka miwili baadaye wakili aliliarifu jumba la makumbusho kwamba baadhi ya saa zilizoibwa zinaweza kurudishwa. Namba 160 ilikuwamo. Nyingine zilikutwa baadaye kwenye masanduku ya benki nchini Ufaransa, na kati ya vitu 106 vilivyoibwa, 96 vimesharudi. Desemba 2024 namba 160 ilisafirishwa hadi London, ikawekwa kwa miezi michache katika maonyesho ya sayansi ya Versailles kwenye Jumba la Makumbusho ya Sayansi.