Faili Limeandikwa Nkuhungu, Linalala Ng'ambo

Si zamani sana, mtu aliyekwenda steshenari kuchapisha barua ya kuomba kazi alivaa flashi shingoni kama kitambulisho. Flashi ile ilikuwa imepita kwenye kompyuta ngapi, hakuna aliyejua. Mara nyingi ilipochomekwa mafaili yaligeuka vialama visivyofunguka, na mwenye steshenari akabaki kuomba radhi kwa virusi ambavyo hakuvileta yeye. Siku hizi katika steshenari za Nkuhungu, Jijini Dodoma, flashi imekuwa adimu. Mteja anaketi, anafungua barua pepe, anaandika neno la siri, na wasifu wake unatokea kwenye kioo. Anatoa kopi, analipa, anaondoka mikono mitupu.

Kwenye foleni hakuna mwenye muda wa kuuliza: lile faili lilikuwa wapi kabla halijatokea pale?

Jibu la wengi ni "kwenye wingu", na jina hilo limewachanganya watu kuliko kuwasaidia. Kwa mkazi wa Dodoma, wingu ni kitu anachokitazama kuanzia Novemba akiomba lishuke, na mara nyingi linapita likaenda kunyesha kwingine. Wingu la kompyuta halipo juu. Lipo chini, ndani ya jengo lenye sakafu ya saruji, safu kwa safu za seva, viyoyozi vinavyonguruma usiku kucha, jenereta nje na walinzi getini. Ni kompyuta za mtu mwingine, nawe unapangisha nafasi ndani yake. Biashara hii ilishika kasi mwaka 2006, kampuni ya Amazon ilipoanza kukodisha nafasi na nguvu za kompyuta zake kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Afrika ilisubiri. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, Google ikafika Johannesburg mwaka 2024. Tanzania ina Kituo chake cha Taifa cha Data, Kijitonyama jijini Dar es Salaam, chini ya shirika la mawasiliano la TTCL, lakini nyaraka na picha nyingi ambazo mwananchi huzihifadhi bila malipo kwenye simu yake hulala ng'ambo.

Anayetaka mfano wa karibu afikirie uhifadhi wa nafaka. Kihenge cha nyumbani ni chako, unakifungua saa yoyote, ila panya nao wanakijua. Ghala kubwa lina dawa, mizani na mlinzi. Gunia lako liko salama zaidi humo, lakini hulipati bila kupita barabara ya kufika huko, bila geti kufunguliwa, na bila karatasi ya kuonyesha kwamba ni lako.

Faida za ghala hilo kwa mtu mdogo ni kubwa, tena ni kubwa kwake kuliko kwa tajiri. Shirika kubwa linaweza kununua seva, kiyoyozi, betri na kumwajiri fundi wa kukesha nazo. Zahanati ndogo ya mtaani, shule ya awali yenye madarasa matatu au SACCOS ya akina mama haiwezi. Zamani taarifa zao zilikaa kwenye daftari la jalada gumu au kompyuta moja ya mezani, na kompyuta hiyo ilikuwa na maadui wengi: mwizi, mchwa, umeme unaorudi kwa kishindo. Nkuhungu inaongeza adui mwingine, maana mvua kubwa ikinyesha maji hutuama katika baadhi ya mitaa na kuingia majumbani. Kompyuta iliyokaa sakafuni haiponi. Faili lililokaa ghalani halijui hata kwamba mvua imenyesha.

Na kodi ya kuanzia ni sifuri. Google humpa kila mwenye akaunti GB 15 bila malipo, zinazotosha hati za maisha mazima ya mtu wa kawaida, alimradi asizijaze video. Huduma ikikua, unaongeza nafasi kwa mwezi; ikipungua, unapunguza. Hakuna seva ya mamilioni inayobaki stoo ikikusanya vumbi.

Dodoma imeuonja uzuri huu kwa namna yake. Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, ofisi nyingi ziligawanyika: nusu ya watu hapa, nusu Dar es Salaam, na katikati yao kilomita 450 hivi. Barua ambayo watu wawili wanaweza kuihariri kwa pamoja, mmoja Mtumba hapa Dodoma na mwingine Posta, Dar es Salaam, iliokoa safari ambazo zamani zilikula siku mbili na posho juu. Kisha ikaja Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani wakipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vinavyotuma majibu kwenye seva, badala ya madodoso ya karatasi. Watu 61,741,120 walihesabiwa, na matokeo ya awali yalitangazwa kabla mwaka ule haujaisha.

Lakini ghala hili lina shida zake, na ya kwanza ni barabara ya kulifikia.

Ombi linalotoka kwenye simu ya Nkuhungu hupita Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi pwani, kisha likazama baharini ndani ya waya mwembamba wa kioo. Februari 2024 nyaya kadhaa, mmojawapo ukiwa wa Seacom, ziliharibika katika Bahari ya Shamu, upande wa kaskazini. Haikupita hata miezi mitatu, tarehe 12 Mei, upande wa kusini nao ukapigwa: nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Bando lilikuwepo, simu ilikuwa na chaji, minara ilisimama palepale, lakini faili halikufunguka. Safari nyingine kukatika hakutoki baharini kabisa: intaneti ilizimwa nchini kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, ikarejea siku kadhaa baadaye. Sababu ni tofauti, lakini kwa mwenye duka aliyeweka hesabu zake zote ng'ambo, asubuhi ilikuwa ileile.

Ndiyo maana mahali ghala lilipo si jambo la mafundi peke yao. Wakenya walijifunza hilo kupitia M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Kwa miaka mingi seva za huduma hiyo zilikaa Ujerumani, kiasi kwamba mtu wa Nairobi akimtumia pesa jirani yake wa ukuta mmoja, taarifa ilivuka bahari kwenda na kurudi. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya Safaricom ilizihamishia Kenya. Faili linalokaa ndani ya nchi halihitaji bahari itulie ndipo lifunguke.

Kuna pia suala la sarafu. Ghala la bure halina tatizo, lakini kampuni changa ya Dodoma inayouza kwa shilingi hulipia wingu la kigeni kwa dola, na kipindi cha uhaba wa dola mwaka 2023 na 2024 kiliwaonyesha wengi kwamba bei isiyobadilika Marekani inaweza kupanda hapa kila mwezi.

Mtu anaweza kusema, basi tujenge ghala letu na kila kitu kikae humo. Korea Kusini ilifanya hivyo. Serikali yake iliwaagiza watumishi waweke nyaraka za kazi kwenye hifadhi ya pamoja badala ya kompyuta za mezani. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2025 betri zilishika moto katika kituo cha data cha serikali jijini Daejeon, na mifumo 709 ikasimama. Mingi ilirudishwa taratibu. Hifadhi ile ya watumishi, yenye terabaiti 858, iliungua yote, na hapakuwa na nakala kokote. Ilionekana kubwa mno kunakiliwa. Nchi ile ni miongoni mwa zilizoendelea zaidi duniani kwa intaneti. Habari hii inastahili kusomwa kwa makini katika jiji hili la watumishi, kwa sababu kosa halikuwa wingu wala kukosa wingu. Kosa lilikuwa kuwa na kihenge kimoja.

Karibu zaidi na nyumbani kuna hasara isiyotangazwa redioni, na pengine ndiyo inayowaumiza watu wengi kuliko moto na nyaya zote. Mtu ananunua simu mpya, fundi anamfungulia akaunti palepale dukani, anamchagulia neno la siri, na mteja anaondoka na simu huku ufunguo ukibaki kichwani mwa fundi. Simu ikiibiwa miaka miwili baadaye, picha za harusi na skani za vyeti zipo salama kabisa ghalani, ila hakuna wa kuzitoa. Mashine inauliza neno la siri ambalo mwenyewe hakuwahi kulijua, kisha inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini iliyoibiwa. Na Google, tangu Desemba 2023, inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Dakika tano za kuandika neno la siri kwenye daftari la nyumbani zingetosha.

Kwa anayetunza taarifa za wengine, mzigo ni mzito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu pia mwenye zahanati anayepakia majina ya wagonjwa na mwenye shule anayepakia picha za watoto. Inaweka masharti ya kuzisafirisha taarifa hizo nje ya nchi, na Tume ya kuisimamia ipo kazini. Wengi wanaopakia hawajui kwamba kwa kubonyeza kitufe kimoja wamevuka mpaka.

Mafundi wana kanuni yao ya siku zote: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa steshenari ya Nkuhungu maana yake ni faili la kwenye kompyuta yenyewe, diski ya nje ndani ya droo, wingu kwa kile kinachoweza kupotea na mvua, na kazi ya kunakili kila Jumamosi kabla ya kufunga. Kwa mwombaji wa kazi ni rahisi zaidi. Skani ziwe kwenye barua pepe, kwa ajili ya siku tangazo la ajira litakapotoka usiku na kufungwa baada ya wiki mbili. Vyeti vyenyewe viendelee kukaa vilikokaa siku zote, ndani ya bahasha ya kaki, ndani ya begi lililowekwa juu ya kabati, mahali ambapo maji hayafiki.