Je, Wajua? Velo Baada ya Pensheni

Je, wajua kwamba kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, waliondoka kazini kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia? Mji wetu wa Kolwezi ukajaa akina papa wenye muda mwingi na mazoezi machache. Kupanda velo, yaani baiskeli, walio wengi huona haya, maana hapa velo ni ya muuza makala: magunia yamekazwa kwa vipande vya chubu kuukuu, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili mwenyewe asukume vizuri mlimani. Haya hiyo ina gharama.

Je, wajua kwamba huko Denmark walifuatiliwa watu 52,513 wenye umri wa miaka 50 hadi 65, ikaonekana kwamba walioanza kuendesha baiskeli ukubwani walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango cha chini kwa asilimia 20 kuliko wasioanza kabisa?

Tuje kwenye kitambi. Mtu wa kilo 80 akiendesha saa moja kwa mwendo wa wastani huunguza kalori 500 hivi. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kalori 7,700 hivi, na chupa kubwa ya bia ina takriban 300. Kwa hiyo, papa, ukishuka kwenye velo ukaagiza chupa mbili, umerudi nyumbani na deni. Bukari (ugali) hatujaihesabu.

Je, wajua kwamba Mfaransa Robert Marchand, mwaka 2017, aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja akiwa na miaka 105? La kushangaza zaidi ni lile wanasayansi walilopima kabla ya hapo: kati ya umri wa miaka 101 na 103, uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 13. Ulipanda! Siri haikuwa dawa. Sehemu kubwa ya mazoezi yake ilikuwa mwendo wa taratibu, na sehemu ndogo tu ya kukaza.

Je, wajua kwamba Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari? Asubuhi za Juni na Julai zina baridi tamu kwa mtu wa pedeli. Adui ni vumbi na malori ya madini: toka mapema, tena kwa njia za mitaani.

Je, wajua kwamba Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, nyingi ikichimbwa mkoani kwetu Lualaba, na kwamba betri nyingi za baiskeli za umeme zina kobalti? Mstaafu wa Uholanzi anayesaidiwa na mota kushindana na upepo huenda amekalia udongo wa kwetu.

Velo haiimarishi mifupa kama kutembea, kwa sababu kiti ndicho kinachobeba uzito. Changanya vyote viwili. Mama asiyetaka kuhangaika na kitenge achague fremu isiyo na bomba la juu.

Na kiti? Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, mara nyingi kiko juu mno: kishushe.