Mkimbizi, mwomba hifadhi, mhamiaji: maneno yanayotangulia uamuzi

Katika zoezi moja la tafsiri, niliwapa wanafunzi wangu habari fupi kuhusu watu waliovuka kwa mashua za mpira mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza. Maombi yao yalikuwa bado hayajasikilizwa. Tafsiri ziliporudi, watu wale wale walikuwa wamepata majina manne: wakimbizi, wahamiaji, wahamiaji haramu na waomba hifadhi. Sarufi ilikuwa safi katika tafsiri zote, lakini baadhi ya wanafunzi walikuwa wamekwisha kuamua kesi ambayo haijafika mbele ya mwamuzi yeyote. Makala haya yanafafanua tofauti za maneno hayo, kisha yanaeleza jinsi ya kutafsiri sera ya kuwapeleka waomba hifadhi katika nchi nyingine ili maombi yao yaamuliwe huko.

Mkimbizi

Nomino hii imetokana na kitenzi *kimbia*, kwa kanuni ile ile inayotupa *mnunuzi* kutokana na *nunua* na *mjuzi* kutokana na *jua*. Kwa umbo lake, neno linataja tendo la kukimbia tu. Sheria ndiyo inayouliza: anakimbia nini? Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtambua mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili yake, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni na machafuko makubwa. Ndiyo maana mtu anayekimbia vita anaweza kuwa mkimbizi moja kwa moja chini ya mkataba wa Afrika, lakini akatakiwa kuthibitisha mengi zaidi Ulaya.

Mwomba hifadhi

Huyu ni mtu aliyewasilisha ombi na anasubiri jibu. Wengine husema *mtafuta hifadhi*. Maneno yote mawili yanakubalika, ingawa *mwomba* hubainisha zaidi kwamba kuna ombi rasmi. Jambo moja huwachanganya wanafunzi: kwa mujibu wa sheria ya kimataifa, serikali haimfanyi mtu kuwa mkimbizi, bali inatambua kwamba tayari ni mkimbizi. Kwa hiyo miongoni mwa waomba hifadhi wamo wakimbizi ambao bado hawajatambuliwa. *Mwomba hifadhi* halimkanushi mtu wala halimthibitishi. Linaacha mlango wazi, na hiyo ndiyo faida yake.

Mhamiaji na kivumishi *haramu*

*Mhamiaji* ni neno pana: mtu aliyehamia mahali, kwa sababu yoyote. Si kosa, lakini likitumiwa peke yake kwa watu walioomba hifadhi, linaficha ombi lao.

Tatizo kubwa zaidi ni *haramu*. Magazeti yetu yamelizoea mno neno *wahamiaji haramu*, hata tumesahau uzito wake. *Haramu* ni kinyume cha *halali*. Hubeba sheria, dini na maadili kwa pamoja, na katika *mhamiaji haramu* kivumishi hiki kinamwangukia mtu mwenyewe, si tendo lake. Ibara ya 31 ya Mkataba wa 1951 inazuia nchi kuwaadhibu kwa kuingia bila kibali wakimbizi waliotoka moja kwa moja mahali penye hatari, iwapo watajitokeza bila kuchelewa na kutoa sababu za msingi. Mtafsiri anapoandika kwa sauti yake, *walioingia bila kibali* inatosha.

Hata hivyo, mtafsiri hana ruhusa ya kulainisha maneno ya mwingine. Mwaka 2013 waziri wa uhamiaji wa Australia, Scott Morrison, aliagiza maofisa wake watumie neno lenye maana ya "wasio halali" kwa watu wanaofika kwa mashua. Alisema linahusu namna ya kuingia. Wapinzani wake walijibu kwamba kuomba hifadhi si kosa la jinai. Mzozo ulihusu neno lenyewe. Ukilifuta katika tafsiri, msomaji hataelewa walichogombania.

Mfano: *Waziri aliagiza watu hao waitwe "wasio halali".*

Je, watu huchakatwa?

Sera ya Australia ilianza mwaka 2001, baada ya meli ya Tampa kuwaokoa baharini zaidi ya watu 400 na kuzuiwa kuwashusha. Walioomba hifadhi wakapelekwa Nauru na katika kisiwa cha Manus nchini Papua New Guinea. Sera ilisitishwa mwaka 2008, ikarejeshwa 2012, na Julai 2013 serikali ikatangaza kwamba atakayefika kwa mashua bila viza hatapewa makazi Australia hata akitambuliwa kuwa mkimbizi. Watetezi walisema inavunja biashara ya wasafirishaji na kuzuia watu kuzama. Wakosoaji walisema nchi tajiri inakwepa wajibu wake na kuwaumiza watu kwa kuwaweka visiwani kwa miaka mingi.

Lugha ya kiofisi ya sera hiyo humvuta mtafsiri kwenye kitenzi *chakata*. Lakini Waswahili huchakata mkonge, korosho, samaki na, siku hizi, data. *Kuwachakata waomba hifadhi* hakukubaliki. Ugumu huu una manufaa, kwani Kiswahili kinatulazimisha kutenganisha mambo mawili: ombi *hupokewa, husikilizwa, huamuliwa*; mtu *huhojiwa, huhamishwa, huzuiliwa*. Aprili 2016 Mahakama ya Juu ya Papua New Guinea iliamua kwamba kuwazuilia watu Manus kulikiuka haki ya uhuru wa mtu iliyomo katika katiba ya nchi hiyo. Kwa hiyo, kuandika kwamba watu hao *walizuiliwa* si kuchukua upande.

Kuhusu mahali, tunalo neno zuri: *ng'ambo*, upande wa pili wa maji. *Kushughulikia maombi ya hifadhi ng'ambo* ni tafsiri sahihi, iwapo kinachofanyika ni hicho.

Maswali matatu kabla ya kuandika

Mara nyingi sicho. Uliza kwanza: nani anaamua ombi, kwa sheria ya nchi gani, na aliyekubaliwa ataishi wapi?

Katika makubaliano ya Italia na Albania ya Novemba 2023, maofisa wa Italia wangeamua kwa sheria ya Italia wakiwa katika ardhi ya Albania, na aliyekubaliwa angeingia Italia. Hapo *ng'ambo* inafaa kabisa.

Mpango wa Uingereza na Rwanda, uliotangazwa Aprili 2022, ulikuwa tofauti. Rwanda ndiyo ingeamua, kwa sheria yake, na aliyekubaliwa angebaki Rwanda. Uingereza isingeshughulikia ombi lolote ng'ambo; ingelikabidhi. Andika: *kuwahamishia waomba hifadhi nchi ya tatu*. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliuona mpango huo kuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa watu wangeweza kurudishwa kwenye hatari walikotoka. Aprili 2024 Bunge likapitisha sheria iliyoitaja Rwanda kuwa nchi salama. Hapo pia angalia neno: *nchi salama* ni maelezo ya hali, ilhali *nchi iliyotangazwa na sheria kuwa salama* ni taarifa ya kilichotendeka. Julai mwaka huo serikali mpya ya Keir Starmer iliufuta mpango.

Haya si mambo ya mbali na wazungumzaji wa Kiswahili. Wakongo wengi walioko kambini Nyarugusu, Tanzania, hueleza safari zao kwa lugha hii, na wapo wanaohojiwa Ulaya kupitia mkalimani wa Kiswahili. Ofisa akiuliza, "Uliondoka kwa nini?", na mwombaji akajibu, "Nilikimbia," mkalimani akisema "alihama," hofu ambayo Mkataba wa 1951 unaitafuta haitaonekana katika kumbukumbu za mahojiano.