KILIO CHA MTOTO NA CHAKULA CHA MAMA

Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya ya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na tangu hapo Wateso na Wasamia wamekuwa watu wa nchi mbili. Mpaka unaukata mji wa Busia vipande viwili, ukaendelea kaskazini hadi Malaba, katika wilaya ya Tororo. Hata hivyo vyakula vyao havikugawanyika. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi husongwa kila upande, na dagaa wa Ziwa Viktoria ni wale wale, ingawa Kenya huitwa omena na Uganda huitwa mukene. Wala hayakugawanyika yale yanayoaminiwa juu ya mzazi na mwanawe mchanga.

Mambo hayo yanawahusu sana askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi. Mpaka hulindwa usiku na mchana. Askari anayerudi alfajiri kutoka doria humkuta mkewe angali macho, mtoto analia, na jirani wa upande wa pili wa ukuta naye anataka kulala. Mke wa askari aghalabu yuko mbali na mama yake mzazi. Washauri wake ni wanawake wa kambini waliotoka kila kabila, na kila mmoja ana hukumu yake. Mmoja atasema maziwa ni mepesi, hayashibishi. Mwingine atasema mama alikula maharage au kabichi, na gesi imempanda mtoto. Wa tatu atasema alinyonyesha punde tu alipotoka juani. Yuko atakayesema kwamba mtoto ametazamwa kwa jicho baya, lile ambalo Wajaluo huliita sihoho. Na kwa upande wa Uganda hakosekani wa kusema kwamba mtoto ana meno ya uongo ndani ya ufizi. Kila hukumu huja na tiba yake, na baadhi ya tiba hizo zimewaua watoto ambao hawakuwa na ugonjwa wowote.

Hapana budi kwanza kukielewa kilio chenyewe. Mwaka 1962 daktari wa Marekani, T. Berry Brazelton, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya watoto 80 wenye afya njema, ambao mama zao waliandika kila siku muda waliolia. Wakiwa na umri wa majuma mawili, watoto hao walilia kwa wastani wa karibu saa mbili kwa siku. Katika juma la sita kilio kilifika kilele, kiasi cha saa mbili na dakika 45. Na kufikia juma la 12 kilikuwa kimeshuka sana. Kilio kilikuwa kingi zaidi nyakati za jioni. Watoto hao walikuwa wazima. Chunguzi zilizofuata katika nchi nyingine zimeonyesha mwendo unaofanana na huo, yaani kupanda, kufika kilele na kushuka. Kwa hiyo dawa yoyote apewayo mtoto katika juma la saba au la nane itaonekana kuwa imefaulu, kwa sababu kilio kilikuwa kinapungua chenyewe. Sifa za dawa nyingi za chupa zinazouzwa madukani zimepatikana kwa njia hiyo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba sheria za ajira humpa baba mfanyakazi wa kiraia likizo ya siku 4 za kazi nchini Uganda na majuma mawili nchini Kenya. Majeshi yana kanuni zake. Lakini kwa hesabu yoyote ile, juma la sita humkuta baba amekwisha kurudi kazini, na usingizi wake ni mfupi.

Ama chakula cha mama, hapo ndipo makosa makubwa hutendeka. Gesi itokanayo na maharage, kunde au kabichi hufanyika katika utumbo wa mama na hubaki humo. Maziwa hutengenezwa kutokana na vitu vilivyomo katika damu, wala gesi ya tumboni haisafiri kwa damu hadi kwenye titi. Kuwa juani hakuyachachushi maziwa. Mama aliyetoka kupalilia shamba, akiwa na jasho na kiu, ahitaji maji ya kunywa na kivuli, na maziwa yake ni salama vile vile. Kinachopita ni ladha. Mwaka 1991 wataalamu wa Philadelphia, Julie Mennella na Gary Beauchamp, waliwapa kina mama kitunguu saumu. Watoto, badala ya kukataa, walinyonya kwa muda mrefu zaidi. Yamkini mtoto wa Tororo ameonja mrenda, simsim na dagaa wa nyumbani kwao miezi mingi kabla ya kutia tonge kinywani.

Wataalamu hao hao walionyesha mwaka huo kwamba pombe nayo hupita, na kwamba mama akinywa, mtoto hupata maziwa machache zaidi katika saa zinazofuata. Hili linafaa kusemwa wazi katika nchi ya ajon, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kwa kuwa wako wanaompa mzazi wakiamini huongeza maziwa. Uji wa wimbi usiochachushwa una nafaka ile ile bila ya kileo. Chai ya rangi na kahawa nyingi mno zaweza kumfanya mtoto akose utulivu, lakini kikombe kimoja au viwili havina neno. Wako pia watoto wachache ambao miili yao haipatani na maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama; dalili zake, kama vile damu katika choo, hupelekwa kwa mganga wa hospitali na wala haziamuliwi na jirani.

Mama anayenyonyesha ahitaji kiasi cha kalori 500 kwa siku zaidi ya mahitaji yake ya kawaida. Anapokatazwa maharage, kunde na mboga kwa sababu mtoto alilia, na anapobaki na chai na ugali mtupu, maziwa yataendelea kutoka. Mwili wake ndio utakaolipa, kwa upungufu wa damu na uchovu. Zamani wanawake wa Kiluhya walikatazwa nyama ya kuku, na mahali pengi mashariki ya Uganda walikatazwa mayai pia. Mwiko huo umelegea sana, lakini si ajabu hata leo kumkuta mzazi ambaye sahani yake ndiyo ya mwisho kupakuliwa. Baba ndiye mwenye mshahara. Fungu la dagaa, karanga na majani ya kunde vinavyouzwa katika soko la Busia ni bei nafuu kuliko kopo la maziwa ya unga.

Kopo hilo huja nyumbani kwa sababu ya lile neno la kwamba maziwa ni machache. Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akipewa maji ya sukari au uji, tumbo hujaa, hanyonyi. Titi lisiponyonywa hupunguza kazi, na baada ya siku chache maziwa huwa machache kweli. Kisha maji ya kisima au ya mto huleta kuhara. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI hatari ni kubwa zaidi: utafiti wa Durban uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Siku hizi mama huyo anashauriwa kumeza dawa zake bila kukosa na kumpa mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita.

Imani hizi hubadilika watu wakielezwa kwa heshima. Huko Mbale, kaskazini ya Tororo, wanawake wa vijijini walifundishwa kuwatembelea wazazi wenzao majumbani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba, mtoto akiwa na majuma 12, kina mama 82 katika kila 100 waliotembelewa walikuwa wakimnyonyesha bila kuchanganya, na 44 tu miongoni mwa wasiotembelewa. Nchini Kenya, watoto wa chini ya miezi sita walionyonya tu walikuwa 13 katika kila 100 mwaka 2003. Mwaka 2014 walikuwa 61.

Mila nyingine haina ubaya wowote, na moja ni dawa hasa. Mwaka 1986 madaktari wa Montreal, Urs Hunziker na Ronald Barr, waliwaomba wazazi wawabebe watoto kwa saa zaidi kila siku, hata wasipolia. Katika juma la sita kilio chao kilikuwa pungufu kwa asilimia 43. Mbeleko ya Busia haikungoja utafiti huo. Hata baba aweza kumbeba mtoto, akatembea naye uani huku mama akilala saa moja. Akihisi hasira inampanda, amlaze mtoto chali mahali salama na atoke nje kidogo. Kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu hupasua mishipa ndani ya kichwa, na kwaweza kumwua au kumpofusha.

Meno ya uongo ni jambo la kukatazwa kabisa. Kinachochimbuliwa, mara nyingi kwa spoki ya baiskeli, ni chipukizi la jino la kweli. Damu humwagika, uchafu huingia, na homa au kuhara kuliko kuwapo hakutibiwi.

Busia na Tororo ni nchi ya malaria, basi si kila kilio ni cha desturi. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au anayekataa titi, au anayepumua kwa shida mbavu zikiingia ndani, au aliyeshikwa na degedege, apelekwe hospitali usiku ule ule. Vivyo hivyo yule aliyekuwa akilia kila jioni, kisha ghafla amenyamaza, amelegea, na haamki kunyonya. Majirani watafurahi kwamba leo amelala. Huyo ndiye wa kutafutiwa gari mara moja.