Mawimbi yanayolitia moto taji la Jua

 Kwa muda mrefu wanasayansi wamejiuliza: Jua lina joto kiasi gani?

Tarehe 7 Agosti 1869, Jua lilipopatwa kikamilifu Marekani, Charles Young na William Harkness waliona mstari wa kijani katika mwanga wa korona, taji jeupe linalolizunguka Jua. Haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ilipita miaka 70 hivi kabla Walter Grotrian na Bengt Edlén hawajabaini kwamba unatoka kwenye chuma kilichopoteza elektroni 13. Atomi iliyopoteza elektroni huitwa ayoni, na kukivua chuma elektroni zote hizo kunahitaji joto la nyuzi zaidi ya milioni moja. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 tu hivi. Nini kinaichemsha korona?

Mwaka 1942 Hannes Alfvén alieleza kwamba mawimbi yanaweza kusafiri katika uga wa sumaku na kubeba nishati. Chombo cha anga cha SOHO, kilichorushwa mwaka 1995, kilileta ushahidi mzito: mistari ya mwanga wa ayoni za oksijeni ilikuwa mipana mno. Upana huo unaonyesha kasi ya ayoni. Katika maeneo ambako upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, hutoka kwa kasi, oksijeni ilifikia nyuzi zaidi ya milioni 100, joto kubwa kuliko la protoni zilizo nyepesi.

Maelezo yanayopewa uzito ni haya: kila ayoni huzunguka uga wa sumaku kwa mdundo wake. Wimbi lenye mdundo huohuo huisukuma kila mzunguko, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake, na kasi huongezeka. Wapo pia wanaotaja milipuko midogomidogo ya sumaku. Ili kupata jibu, chombo cha anga cha Parker kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka usoni mwa Jua tarehe 24 Desemba 2024.

Hata kupatwa kwa Jua si lazima kuionyeshe korona: tarehe 1 Septemba 2016 Mwezi ulilifunika Jua ukaacha pete ya mwanga iliyoonekana Rujewa, Mbeya, lakini korona haikuonekana kwa sababu pete hiyo ilikuwa na mwanga mkali mno. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa tena, na hapa Tanzania litafunikwa sehemu tu.

Kulitazama Jua lililofunikwa sehemu tu ndiko kwenye hatari. Retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu: inaungua bila mtu kujua, na uoni unaweza usirudi. Miwani ya kawaida ya jua, filamu ya eksirei na beseni la maji havikingi macho. Tumia miwani maalumu ya kutazamia Jua iliyothibitishwa kwa kiwango cha ISO 12312-2, au toboa kadibodi tundu dogo, ulipe Jua mgongo, utazame taswira yake chini. Wazazi na walimu, wafundisheni watoto mapema.