Gesi ya Mathe na Gesi ya Stori

Mathe ana njia yake ya kujua gesi imebaki ngapi kwa mtungi. Anachemsha maji kidogo, anaumwagia ubavuni, halafu anapitisha kiganja kutoka juu akishuka polepole. Pale chuma inageuka baridi, hapo ndio gesi imeanzia. (Ndio, anatumia gesi kupima gesi. Usimwambie.) Ni mtungi wa kilo 6, na sijawahi ona akikosea. Akisema itafika Alhamisi, inafika Alhamisi.

Juzi nilimpata kwa hiyo shughuli nikiwa na mdomo mrefu. Nikamshow mimi sai ni mdosi wa gesi, na si hii ya kupikia chapo, ile yenyewe ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimetupa thao nane kwa hisa za kampuni fulani ya kutafuta gesi, kupitia apu ya majuu, juu hapa kwa Soko la Hisa la Nairobi sikuona ya kutafuta gesi kama hiyo. Jina lake nitalimeza. Mathe hakuinua hata kichwa. Mkono ukiwa bado kwa mtungi akaniuliza, "Na hiyo yako, baba, uliipima na nini?"

Maze, nilikuwa nimeipima na stori ya beshte.

Stori yenyewe wasee wa base wanaijua. "Buda, wanachimba mwezi ujao. Ikitoka, tumeomoka." Hapo tu. Hakuna mse aliuliza kampuni iko na ganji ngapi benki, ama hisa zote zikiwekwa pamoja ni ngapi. Tuliskia hisa moja haifiki bob, tukaona ni kitu ya rahisi. Na hiyo ndio shimo ya kwanza, kabla hata ya ile ya kuchimba. Bei ya hisa moja haikuambii kitu ka hujui ziko ngapi. Chapo ikikatwa vipande mia, kila kipande kitakuwa cha bei ya chini, na chapo bado inaweza kuwa imeuzwa ghali.

Cheki hii ya hapa kwa majirani. Mwaka wa 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kuna heliamu mob huko Rukwa, Tanzania. Heliamu si ya maputo ya bathidei pekee, hizo mashine za MRI hospitalini hupoesha sumaku zake nayo, kwa hivyo wanunuzi wako. Kampuni ya Helium One ikaingia soko la London Desemba 2020, hisa moja peni 2.84. Mwaka uliofuata wakaenda kuchimba kisima kinaitwa Tai-1, na kabla drili ifike chini bei ilikuwa ishapaa, wasee wakidandia ka mathree ya mwisho. Kisima kikawasumbua, gesi ya kutoka yenyewe haikupatikana, bei ikadondoka.

Sasa skiza vizuri, juu hapa ndio watu hulala. Kampuni ya kutafuta gesi haina kitu inauza. Haina duka, haina kastoma, haina hata kibanda cha smokie. Lakini kuchimba ni ganji ndefu, mitambo ni ganji, wahandisi wanataka mshahara. Doo inatoka wapi? Inachapisha hisa mpya na kuziuza, mara nyingi kwa bei iko chini ya ile ya soko. Kufika Desemba 2023, Helium One ilikuwa inauza hisa mpya kwa peni 0.25. Wewe bado uko na kipande kimoja cha chapo, lakini chapo sasa imekatwa vipande elfu.

Halafu mwanzo wa 2024, kisima cha Itumbula West-1, heliamu ikatoka kweli. Bei ikaruka. Na moto ukiwa bado unawaka, Februari ya mwaka huo, kampuni ikauza hisa zingine mpya kwa peni 1.5. Piga hesabu sasa. Msee aliingia siku ya kwanza kwa 2.84, akavumilia miaka tatu akichekwa na mabeshte, stori ikakuwa ukweli, gesi ikapatikana, na bado hisa mpya zinauzwa karibu nusu ya pesa yake. Alikuwa sahihi na akala hasara. Aliyeomoka ni yule alinunua kwa 0.25 wakati kila mtu alikuwa ashatoka akilia. Siwalaumu kampuni, bila hizo hisa mpya hakungekuwa na kisima hata kimoja. Nasema tu mkeka wa mpira huisha dakika tisini. Kwa hii ya hisa, unaweza kushinda mkeka na usilipwe.

Na usidhani kampuni kubwa inakuokoa. Tullow walipata mafuta Ngamia-1, Turkana, Machi 2012, mimi nikiwa primo, na ticha akatuambia tutakuwa Dubai. Agosti 2019 meli ikatoka Mombasa na mapipa 200,000 ya mafuta ya Kenya. Picha kila mahali, bendera, wakubwa wakipiga makofi. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, hisa za Tullow zikaanguka London zaidi ya asilimia 70. Siku moja! Na shida kubwa haikuwa Turkana. Ni visima vya Ghana vilikuwa vinatoa chini ya venye walikuwa wameahidi, gawio likasimamishwa, mkurugenzi mkuu na mdosi wa utafutaji wakaenda home. Ulinunua Turkana, ukachapwa kutoka Accra. Mwaka wa 2025 wakakubali kuuzia Gulf Energy biashara yao ya Kenya na kwenda zao.

Kuna pia kisima cha Mbawa, hapo kwa bahari ya Kenya, 2012. Apache na wenzake wakachimba, wakapata gesi. Gesi, si stori. Lakini haikutosha kulipa gharama ya kuitoa, ikaachwa hukohuko chini. Jina Mbawa, na haikupaa.

So siku hizi kabla niguse kitu, nafungua ripoti ya kampuni, hata ka inanipea usingizi. Natafuta ganji iko benki, natafuta kisima kijacho kitakula ngapi. Ka benki iko milioni mbili na kisima kinataka sita, hiyo nne itatoka kwa hisa mpya, na mimi sinunui leo kitu kitauzwa rahisi mwezi ujao. Ka kuna kampuni kubwa imekubali kulipia kuchimba ndio ipewe kipande cha eneo, hapo angalau kuna mtu mwenye wahandisi wake amecheki hiyo ardhi na bado akatoa doo. Halafu nauliza bomba iko wapi. Gesi haibebwi na ndoo. Ikipatikana kilomita mia tatu kutoka kwa mtu wa kuinunua, inaweza kukaa chini miaka kumi na hisa zako zikae nayo. Hizi maswali hazifanyi uwe tajiri, ukweli usemwe. Zinakufanya ukatae tisa kati ya kumi.

Na ganji ya keja isikanyage huko. Hata ya mathe. Hasa ya mathe.

Zile zangu? Kisima kiliahirishwa mara mbili, halafu usiku mmoja saa tano apu ikalia: kampuni imeuza hisa mpya, bei nusu ya yangu. Kuchimba hata hawakuwa wameanza. Thao nane leo inasoma soo tisa. Nimeziacha hapo tu, juu makato ya kuuza na ya kubadilisha dola yakitoka, kinachobaki hakijazi mtungi wa kilo 6.